Usiudharau Ukuta wa Rangi Mbili

Miongoni mwa mambo yanayochekwa siku hizi katika vyumba vya walimu hapa Nairobi ni ule ukuta wa zamani wa rangi mbili: nusu ya chini imepakwa rangi nzito ya mafuta, aghalabu kijani, kahawia au ile tunayoiita damu ya mzee, na nusu ya juu ikapakwa rangi hafifu ya maji, nyeupe au ya malai. Watu husema huo ni ukuta wa zahanati na kituo cha polisi, na kwamba mtu aliyestaarabika hupaka chumba chake rangi moja, tena nyeupe. Nami, kunradhi msomaji, nilikuwa hodari wa kucheka. Leo nimeshika kalamu kuukanusha usemi wangu mwenyewe, baada ya kosa langu kulipiwa na mkono wa mama yangu mzazi uliovunjika.

Nianze na nyumba yenyewe. Kaloleni ni mtaa uliojengwa katika miaka ya 1940 na baraza la mji kwa ajili ya familia za Waafrika. Ni nyumba za chini, za mawe, zilizoezekwa vigae, zilizopangwa kuuzunguka ukumbi wa jamii ambao wenyeji wa Eastlands wanaujua vyema. Baraza la Jiji lilipoondoka mwaka 2013 serikali ya kaunti ikawa mwenye nyumba, lakini mpangaji aliyezoea kununua rangi kwa pesa zake aliendelea kuinunua. Wazazi wangu walikabidhiwa chumba chao wakiwa vijana. Baba, ambaye sasa ni marehemu, alikipaka kwa mikono yake: damu ya mzee hadi kimo cha kiuno, na rangi ya malai kutoka hapo hadi darini. Tangu nikiwa mtoto sijapata kuujua ukuta mwingine nyumbani mwetu.

Chumba hicho kina dirisha moja la chuma. Zamani dirisha hilo lilitazama ua wenye nyasi. Leo linatazama mabati ya kibanda cha jirani, maana kila kipande cha ardhi katika mitaa yetu kimeshaota kibanda. Saa nane za mchana Mama huwasha taa. Ndipo nikajiambia kwamba dawa ni nyeupe. Desemba moja, Mama alipokwenda kukaa na dada yangu Umoja kwa majuma mawili, nilinunua mikebe ya rangi katika duka moja la vifaa vya ujenzi, nikamtafuta kijana mmoja mwenye brashi, tukapaka kuta zote nne, mlango pamoja na miimo yake. Chumba kikawa cheupe pepepe kama ganda la yai. Kipya kinyemi ingawa kidonda, nami kinyemi changu nilikitazama kwa muda mrefu kabla sijafunga mlango.

Mama aliporudi alisimama kizingitini, kimya. Nikadhani furaha imemziba kinywa.

"Waonaje, Mama?"

"Naona mwanga, mwanangu," alisema. "Chumba ndicho sikioni."

Nilicheka. Wahenga walinena kwamba penye wazee haliharibiki neno, lakini hawakusema neno hilo litafanywaje iwapo vijana hawalisikilizi.

Swichi ya taa ilikuwa nyeupe juu ya ukuta mweupe; Mama akawa anaupapasa ukuta kwa kiganja kila jioni. Mwimo wa mlango ulikuwa mweupe kando ya ukuta mweupe. Akaugonga kwa bega. Na makochi, kama ilivyo katika kila sebule ya Eastlands inayojiheshimu, yalikuwa yamefunikwa vitambaa vyeupe alivyovifuma mwenyewe. Siku ya nne alikwenda kuketi mahali alipoamini kuna kochi. Hapakuwa na kochi. Alijitegemeza kwa mkono wa kushoto, na mfupa wa kifundo ukavunjika.

Hospitalini walifunga mkono kwa plasta, kisha tabibu mmoja mwenye subira akamtazama usoni na kuuliza tangu lini haoni vizuri. Kumbe Mama alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili, na la kulia lilikuwa limekomaa. Alikuwa ametuficha kwa muda ambao mpaka leo hakubali kuutaja. Aliweza kutuficha kwa sababu chumba chake kilikuwa kikimwongoza. Ule mshipi wa damu ya mzee uliokizunguka chumba ulimwambia ukuta uko wapi. Kilichokatiza mshipi huo kilikuwa mlango. Kilichong'aa mbele yake kwa weupe kilikuwa kitambaa, na chini ya kitambaa palikuwa na kochi. Mimi, kwa fedha zangu mwenyewe, niliifuta ramani yote ile kwa rola.

Walimu wenzangu, hasa mnaofundisha sayansi, mtaniwia radhi nikieleza kidogo, kwa kuwa jambo hili ni pana kuliko chumba kimoja cha Kaloleni. Lenzi ya jicho huzeeka. Hugeuka manjano, huwa nzito, na hupitisha mwanga kwa ubahili. Inakadiriwa kwamba mwanga unaoufikia utando wa nyuma wa jicho la mtu wa miaka 60 ni kama thuluthi moja tu ya ule unaoufikia utando wa kijana wa miaka 20. Mtoto wa jicho anapoingia, mwanga huo mchache nao hutawanyika ndani ya lenzi kama taa za gari zinavyotawanyika katika ukungu. Ndiyo maana mgonjwa huyo huyo anayelalamikia giza hulalamika vilevile kwamba jua la dirishani linamtia upofu. Mchoraji Mfaransa Claude Monet alipatikana na ugonjwa huu mwaka 1912, akapasuliwa jicho la kulia mwaka 1923, na katika picha nyingi za kipindi hicho cha kati maji na maua yake yamezama katika wekundu na kahawia. Tofauti baina ya rangi na rangi humpotea mgonjwa mapema. Inayobaki muda mrefu zaidi ni ile tofauti kubwa ya weusi na weupe, ya kitu kizito kando ya kitu chepesi.

Hapo ndipo rangi mbili zinapoanza kushindana kwa haki. Rangi nyeupe safi hurudisha takribani sehemu nane katika kumi za mwanga unaoiangukia, na ile ya malai kama sehemu saba. Damu ya mzee haifikishi hata mbili. Mtu akinunua rangi kwa hesabu hiyo peke yake, atapaka kila kitu cheupe kama nilivyofanya, na hakuna atakayemlaumu. Lakini jicho halisomi wingi wa mwanga tu; husoma mipaka. Ukuta mweupe hutoa mwanga na kuimeza mipaka. Ukuta mzito huonyesha mipaka na kuumeza mwanga. Basi asiye na dirisha la kutosha na asiye na macho ya kutosha afanye nini? Jibu lilikuwa limekaa ukutani mwetu miaka yote: nyeupe iwe juu, karibu na taa na dari, iusambaze mwanga, nzito iwe chini, kwenye kimo cha viti, meza na mikono ya mtu anayejishikilia.

Hata uzuri wa rangi haukai ndani ya mkebe. Katika karne ya 19 mwanakemia Mfaransa Michel-Eugène Chevreul alikuwa msimamizi wa idara ya kutia nyuzi rangi katika karakana ya mazulia ya Gobelins, Paris. Wateja walilalamika kwamba nyuzi nyeusi za karakana hiyo hazikuwa nyeusi ya kutosha. Chevreul alizipima, akaona hazina kasoro yoyote. Shida ilikuwa rangi zilizofumwa kandokando yake. Akafanya utafiti wa miaka mingi, na mwaka 1839 akatoa kitabu kikubwa kinachoonyesha jinsi rangi mbili zikikaa ubavu kwa ubavu kila moja inavyoibadilisha nyenzake: iliyokoza huonekana imekoza zaidi, na hafifu ikaonekana hafifu zaidi. Kwa hiyo anayeuliza rangi ipi ni bora, malai au damu ya mzee, hajauliza swali bado. Aseme kwanza kila moja itakaa kando ya nini, na nani ataitazama.

Yamkini msomaji atasema kwamba ukuta huo ni urithi wa mkoloni. Ni kweli Waingereza walikuwa nao katika shule, hospitali na kambi zao, na walituletea. Hoja hiyo nilimpa Mama alipokuwa amelala na mkono wake kwenye mto. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanikumbusha kwamba alizaliwa Vihiga, na kwamba nyanya yangu alikuwa akiikandika nyumba yake ya udongo kila msimu: udongo mweusi chini, mahali matone ya mvua yanaporuka na mbuzi kujisugua, na udongo mweupe juu. "Naye mkoloni gani alimfundisha?" akauliza. Sikuwa na jibu. Kadhalika yeyote aliyeingia katika nyumba za kale za mawe kule Lamu ameona jinsi mafundi walivyoipaka lipu nyeupe ya chokaa mpaka vidaka vya chumba cha ndani kabisa, ili mwanga kidogo unaotoka uani ufike mbali. Watu wetu waliijua kazi ya weupe na kazi ya weusi kabla ya kadi ya rangi kuingizwa nchini.

Lugha yenyewe ni shahidi. Wanafunzi wangu huwa wanashangaa nikiwaonyesha kwamba Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyochukua viambishi vya ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Nyinginezo zote tumeziazima kwenye vitu: kijani kwenye majani, kahawia kwenye kahawa, kijivu kwenye jivu, zambarau kwenye tunda, samawati kwenye mbingu. Wamarekani Brent Berlin na Paul Kay, katika kitabu chao cha mwaka 1969, walidai kwamba lugha yenye majina matatu tu ya msingi ya rangi huwa na hayo hayo matatu. Wataalamu wamebishana nao tangu hapo, lakini mimi huona fahari kidogo kila ninapoifikia mada hiyo darasani. Na damu ya mzee je? Jina hilo lina utu ndani yake. Ni nyekundu iliyoishi.

Tukarudi basi kwenye brashi, safari hii nikiwa na fundi wa makamo kutoka Makongeni badala ya kijana wa kuokoteza. Jambo la kwanza alilofanya ni kuuparura ukuta wangu mweupe kwa ukucha, nao ukabanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Kijana wangu alikuwa ameipaka rangi ya maji moja kwa moja juu ya rangi ya mafuta ya Baba bila kuipitisha msasa. Rangi ya maji haishiki kwenye uso laini unaong'aa. Sharti uso huo ukwaruzwe kwanza. Fundi alinieleza pia kwa nini wazee waliweka rangi ya mafuta chini. Rangi hiyo hukauka kwa kuvuta hewa ya oksijeni, ikawa ngozi ngumu. Mafuta ya kupikia, masizi ya jiko na mikono ya watoto hufutwa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Rangi ya maji ya bei nafuu, ukiisugua, huondoka pamoja na uchafu.

Hapa naomba kila mwenye nyumba ya zamani asikilize. Fundi aliulowanisha ukuta kabla ya kuupiga msasa, akatufukuza sote chumbani, na vumbi akalikusanya kwa matambara mabichi. Rangi za kale za mafuta huenda zikawa na madini ya risasi, na vumbi lake likimezwa na mtoto huidhuru akili yake. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Kenya imeweka kikomo cha sehemu 90 za risasi katika kila sehemu milioni za rangi, lakini kikomo hicho ni cha rangi mpya. Hakiwezi kurudi nyuma kusafisha ukuta uliopakwa na babu.

Ubishi mkali ulizuka katika kuchagua rangi ya chini. Mimi nilitaka kijani kilichokoza, kwa sababu sakafu yetu ni ya saruji nyekundu, inayosuguliwa kwa nta nyekundu kila Jumamosi.

"Nyanya," fundi akaniunga mkono, "sakafu ni nyekundu, na ukuta unautaka mwekundu. Utajuaje sakafu inapoishia?"

"Mzee wangu alipiga mstari mweusi chini," Mama akajibu, "upana wa kiganja. Mnadhani ulikuwa wa mapambo?"

Fundi akanitazama. Nikakumbuka mstari ule, ambao nao nilikuwa nimeufuta. Hatukubishana tena. Ikawa damu ya mzee, mstari mweusi chini yake, malai juu. Mlango ukapakwa damu ya mzee na miimo yake malai, na swichi ikazungushiwa mraba wa damu ya mzee kama dirisha dogo juu ya ukuta hafifu.

Kwa wanafunzi wanaopenda hesabu: chumba kina urefu wa mita 3.6, upana wa mita 3 na kimo cha mita 2.7. Mshipi wa chini ni mita 1.2. Ukiondoa mlango na dirisha, chini kuna takribani mita 15 za mraba na juu 18. Lita moja ikifunika mita 10 za mraba kwa mpako mmoja, na mipako ikiwa miwili, mkebe mmoja wa lita 4 wa kila rangi unatosha na kusaza. Mstari mweusi ulitoka kwenye masazo ya fundi.

Najua wapo watakaosema wangependa kufanya hivyo lakini nyumba si yao. Katika nyumba za kupanga, kuanzia Kayole hadi Huruma, mpangaji akihama hukatwa pesa za amana ili kuta zirudishwe rangi ya mwenye nyumba, hata zikiwa safi kuliko alivyozikuta. Mimi mwenyewe niliwahi kuipoteza amana yote kwa sababu ya ukuta mmoja wa samawati. Kwa mpangaji wa namna hiyo mwenye mzee nyumbani, yapo mambo yasiyohitaji mkebe: kitambaa cheusi juu ya kochi jeupe, kikombe cheupe juu ya meza ya kahawia, utepe mweusi kuizunguka swichi. Siyo mapambo ya kupigiwa picha. Lakini kifundo cha mkono kilichovunjika nacho hakipendezi.

Na darasani? Nimeanza kuzitazama kuta za shule kwa macho mengine. Katika darasa la watoto zaidi ya 60 hakukosi mmoja au wawili ambao hawaoni vizuri na hawajamwambia mtu, kama Mama. Tunapopata mfadhili wa rangi, huwa tunauliza ni rangi ipi itapendeza siku ya wazazi. Mlango wa darasa hupakwa rangi ile ile ya ukuta, ngazi huachwa za kijivu kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, na ukuta ulio nyuma ya ubao hujazwa michoro ya rangi kumi mpaka maandishi ya mwalimu hayana pa kupumulia. Ukingo wa kila ngazi ukipakwa mstari mweupe, na ukuta wa ubao ukaachwa mtulivu, gharama yake haifiki ya mkebe mmoja. Mwenye macho haambiwi tazama, ni kweli. Ila shule zetu si za wenye macho peke yao.

Mama alipasuliwa jicho la kulia mwezi wa tano. Bendeji iliondolewa kesho yake, nami nikamrudisha Kaloleni kwa teksi, ingawa yeye alitaka matatu. Alisimama kizingitini pale pale aliposimama siku ile ya Desemba. Alitazama kwa muda mrefu.

"Rangi hii ilikuwa kali hivi?" akauliza.

Nikamwambia ndiyo, siku zote. Akaingia bila kushika mwimo, akaupita mkono kochi bila kuligusa, akafika ukutani kando ya dirisha mahali malai inapokutana na damu ya mzee, akapitisha kidole polepole kwenye mpaka.

"Fundi wako hapa alisinzia," akasema. "Mstari umepanda."

Niliinama kutazama. Ulikuwa umepanda kweli, kiasi cha unene wa kidole, nami nilikuwa nimeketi mbele ya mstari huo miezi mitano bila kuuona.